Tumbo la Mwendesha Kreni

Pale kwenye ujenzi walimwita Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia redioni kila mzigo ulipoanza kuyumba. "Tulia, tulia," aliliambia fungu la nondo likining'inia angani, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, na kweli fungu lilitulia. Alikuwa mwendesha kreni, ile ndefu yenye mnara wa vyuma na kibanda cha vioo juu kabisa, na wenzake walisema hawajaona mkono mwepesi kama wake. Mafundi waliogombana na kila mtu hawakugombana naye. Hata msimamizi, ambaye sauti yake ilishindana na mashine ya zege, alipoongea na Tulia alishusha sauti bila kujijua.

Tumbo lake peke yake ndilo halikuwa na habari na jina hilo.

Lilianza kidogo kidogo. Asubuhi lilimkata, likaacha. Kisha likazoea kuja bila hodi. Siku nyingine lilifunga, likamkaa kama jiwe chini ya kitovu, na hata mkanda wa suruali ukawa mzigo. Siku nyingine lilifunguka na kumwendesha mbio. Hospitali walimpima damu, wakampima choo, wakampitishia kamera mahali ambapo hakuwahi kufikiri kamera inaweza kupita. Mwisho daktari akamwambia, "Hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi, daktari, nami nakufa?"

"Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna mdudu. Utumbo wako ni mzima, ila una hamaki. Ukila unashtuka, ukiwa na wasiwasi unashtuka. Ni ugonjwa kweli, na wenzako ni wengi, lakini hauui."

Daktari alidhani anampa habari njema. Tulia alitoka pale ameinamisha kichwa. Angekuwa na kidonda angeweza kukitaja mbele za watu. Mtu akisema ana vidonda vya tumbo anapewa pole na kiti. Lakini mwanamume mzima, baba wa watoto wawili, aseme nini? Kwamba utumbo wake unashtuka? Akanyamaza. Hata mkewe hakumwambia. Alichomwambia ni kwamba hospitali wamesema ni uchovu.

Basi akajifunza kuishi kwa hila. Asubuhi hakula, ili asipande mnara na kitu tumboni. Kwenye begi lake aliweka suruali ya akiba, imekunjwa vizuri chini ya koti la mvua. Alinunua manukato, akajipulizia hadi mkewe akauliza kama siku hizi zege linanuka. Walipokwenda kwa watu alikaa kiti cha karibu na mlango, akaaga mapema. Na kitandani, tumbo likiwa linanguruma kama pikipiki mbovu, alimpa mkewe mgongo, akajifanya amelala.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya juu ndiyo siku aliyoiogopa, na ndiyo siku iliyomkamata. Zege haliombwi subira. Magari yalipanga foleni getini, mafundi walisimama na mabuti yao ya mpira wakisubiri ndoo, na ndoo ilikuwa kwenye ndoano yake, imejaa, katikati ya anga. Hapo tumbo likamkata mkato ambao aliujua. Kijasho chembamba kikamtoka. Akajikaza. Akaipeleka ndoo mahali pake, akawaacha wamwage, akairudisha chini taratibu, bila kugonga mtu wala tofali. Ndipo akasema redioni kwamba anashuka.

"Unashuka kwenda wapi?" akauliza mpiga ishara, yule mzee aliyemwongoza kutoka chini. "Zege linakauka!"

Tulia alikuwa ameshafungua mlango wa kibanda. Ngazi ya mnara ni ya kushuka kwa uangalifu, mkono kisha mguu, mkono kisha mguu, na kila anapokanyaga ndipo tumbo linapobanwa. Alipofika jukwaa la kati alisimama akakumbatia chuma, akafumba macho, akamwomba Mungu ampe dakika chache tu. Hakupewa. Aliyemaliza ngazi ile alikuwa mtu mwingine, anayeshuka polepole sana na miguu imeachana, na huku chini wanaume wote wameinua nyuso wakimtazama kama wanaotazama ndege.

Alijifunga koti kiunoni. Msimamizi akamjia mbio. "Vipi? Umepatwa na nini?"

Ulimi ukamtangulia akili. "Kizunguzungu," akasema.

Laiti angesema chochote kingine! Malaria, habari za msiba, hata kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani. Msimamizi akamtazama, akatazama kule juu, na uso wake ukabadilika.

"Kizunguzungu juu ya watu wangu?" akasema, na safari hii hakushusha sauti. "Kaka, mimi nakupenda, lakini mtu wa kizunguzungu hapandi kreni yangu."

Tangu siku hiyo Tulia akawa mtu wa chini. Alifunga minyororo kwenye mizigo, akaelekeza magari, akabeba mbao. Juu wakamweka kijana wa kuazima aliyeyumbisha ndoo kama anapunga mkono wa kwaheri. Kila nondo zilipogonga ukuta, mpiga ishara alimtazama Tulia kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Nyumbani hakusema. Mkewe aliwaambia majirani kwa fahari kwamba mumewe ndiye anayejenga lile jengo refu, ukiangalia vizuri utamwona, na yeye alikuwa akisikia kupitia dirishani, akapitiliza hadi chumbani.

Aliporudi hospitali, daktari alimwongezea dawa ya kutuliza maumivu ya tumbo, akamshauri vyakula vya kuepuka, halafu akasema kama anayekumbuka, "Yupo tabibu mmoja upande wa pili wa mji, anachoma sindano nyembamba, tiba ile ya Kichina. Baadhi ya wagonjwa wangu wa tumbo kama lako wanakwenda kwake. Wengine wanaona nafuu, wengine wanasema ni sindano tu. Dawa zangu usiache. Lakini ukitaka kujaribu, sikukatazi."

Tulia alijaribu kwa sababu hakuwa na la kufanya. Alimwambia mkewe kwamba anakwenda kwa fundi wa simu.

Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na chumba chake kilikuwa ghorofani juu ya duka la vioo. Vitanda viwili vyembamba, pazia la kijani katikati, taa ya kutoa joto, na mlango wa msalani mwisho wa chumba. Kabla ya kumgusa alimuuliza maswali. Choo kinatokaje? Kigumu, laini, majimaji? Rangi gani? Kinamaliza au kinabaki? Tulia alijibu huku akiitazama sakafu, kwa sauti ya mtu anayeungama kuua.

"Baba, ongea tu," tabibu akasema. "Mimi mambo haya ndiyo chai yangu."

"Mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza hivyo tangu nilipoanza kutembea."

Akacheka, akamlaza chali. Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kama unywele. Moja chini ya kila goti, upande wa nje wa muundi. Nyingine nyayoni karibu na vidole. Nyingine kwenye viganja, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Na mbili tumboni, kushoto na kulia kwa kitovu. Hazikuuma kama alivyoogopa. Zilileta uzito, kama mtu ameweka kidole na kusahau kukiondoa, halafu mchirizo wa ganzi ukashuka hadi kwenye unyayo. Tabibu akamwekea taa ya joto tumboni.

"Sikuahidi miujiza," akamwambia. "Hata wale wanaochunguza mambo haya hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni sindano, wapo wanaosema ni kule kulala kimya na kusikilizwa. Mimi ninachojua ni kwamba wengine wanaondoka hapa wanalala vizuri. Tutaona wewe ni wa kundi gani."

Tulia alilala. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya zege, alilala mchana usingizi wa kukoroma.

Akarudi tena, na tena. Tumbo halikupona, lakini lilianza kubisha hodi kabla ya kuingia. Akaanza kula asubuhi, kidogo. Akajiona kama mtu anayetoka shimoni, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba yumo shimoni, hakuna aliyempa mkono. Hilo aliliona sawa. Alikuwa akipanga kutoka kimyakimya na kulifukia.

Siku moja amelala chali, amevuliwa shati, zipu iko wazi, sindano zimemkaa kila mahali, akasikia upande wa pili wa pazia mtu anapandishwa kitandani huku akiguna. Halafu akasikia sauti.

"Polepole tabibu, goti hili si la kuvutwa."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake. Mama yule alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa bado inazungumza na darasa zima.

"Goti ni goti tu, tabibu," mama akaendelea. "Kinachoniuma mimi ni mwanangu. Ameolewa na mwanamume mzuri, mpole, mtu wa kazi. Nilikuwa najisifu naye. Sasa amebadilika. Nyumbani hali chakula. Anajipulizia manukato ya kumtoa mtu machozi. Akija kwangu anakaa mlangoni kama mdai, hata kiti hakijapata joto, ameaga. Kitandani mwanangu anapewa mgongo. Na juzi amefungua begi la mumewe, amekuta nini? Suruali! Suruali ya pili, imekunjwa. Mwanamume anatembea na suruali ya pili kwenda wapi?"

"Mama, punguza sauti kidogo," tabibu akasema. "Nina mgonjwa mwingine."

"Namwomba radhi. Lakini hebu niambie, kila wiki anasema yuko kwa fundi wa simu. Simu gani hiyo isiyopona?"

Tulia alilala pale ametoa macho, akiitazama dari. Kila alichokificha kilikuwa kimepangwa mbele yake kama ushahidi, na kila ushahidi ulikuwa wa kweli, na hukumu yake ilikuwa ya uongo mtupu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuweza kuziba masikio. Viganja vilikuwa na sindano. Alitaka kukohoa, akaogopa kikohozi chake kitajulikana.

"Mwanangu analia, tabibu," mama akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka kweli. "Anajitazama kwenye kioo. Ananiuliza, mama, nimezeeka? Nimwambie nini?"

Hapo ndipo tumbo la Tulia lilipojibu. Lilinguruma mngurumo mrefu, wa kupanda na kushuka, uliojaza chumba kizima.

"Maskini," mama mkwe akasema. "Pole, baba, huko uliko."

Tulia akameza mate. Alijua mkato unaofuata. Akaita kwa sauti nyembamba ya pua, ambayo hakuwahi kuitumia maishani. "Tabibu. Zitoe. Zitoe sasa hivi."

Tabibu alikuja haraka, akazichomoa moja baada ya nyingine, na alikuwa bado anamwambia anyanyuke taratibu wakati Tulia ameshafika kwenye pazia. Mlango wa msalani ulikuwa upande wa pili. Hapakuwa na njia nyingine. Akalisukuma pazia akiwa kifua wazi, mkono mmoja umeshika suruali isimdondoke, na pale kitandani alikuwa mama mkwe wake, gauni limepandishwa juu ya magoti, sindano zimemsimama kama miiba.

Wakatazamana.

Malezi ni kitu cha ajabu. Akili ya Tulia ilikuwa imekwisha, miguu inakimbia, lakini mdomo ukafanya ulichofundishwa. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba," mama akajibu, naye kwa mazoea, na mlango wa msalani ukafungwa.

Alikaa mle muda mrefu kuliko tumbo lilivyohitaji. Alimsubiri aondoke. Aliiosha mikono yake kwa sabuni mpaka ngozi ikakunjamana. Kisha akakumbuka kwamba mama naye ana sindano, hawezi kwenda popote, na kwamba shati lake lipo ng'ambo ya pazia. Akatoka ameshikilia ukuta. Tabibu alikuwa amemfunika mama magoti na shuka, naye mwenyewe amepata ghafla kazi ya kufanya mapokezi.

Mama mkwe alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Vaa kwanza," akasema.

Akavaa, vifungo vikienda upande. Akasimama nyuma ya pazia, kila mtu upande wake.

"Nimekusema kwa watu," mama akasema. "Uzee huu wote, nimekaa nakuvua nguo mbele ya mtu baki."

"Hukukosea, mama. Uliyosema yote ni kweli. Ila sababu ndiyo siyo."

"Ni tumbo?"

"Ni tumbo."

"Na manukato?"

"Tumbo, mama."

"Na ile suruali?"

Tulia akafumba macho. "Hiyo ndiyo tumbo lenyewe."

Upande wa pili wa pazia kitanda kikaanza kutikisika, na kwa muda hakujua kama mama anacheka au analia. Aliposema tena, sauti ilikuwa na vyote viwili. "Hili silipeleki mimi kwa mwanangu. Mdomo wangu umeshafanya kazi ya kutosha. Utampelekea mwenyewe."

Alisema atampelekea leo. Hakumpelekea leo, wala kesho yake. Kila alipofungua mdomo aliona sura ya mkewe akiwaeleza majirani kuhusu jengo refu, akaufunga. Mwishowe ilitokea jikoni, mkewe akiosha vyombo na yeye akivifuta. Alianza na kreni, kwamba hapandi tena. Akarudi nyuma kwenye ngazi. Akamweleza jukwaa la kati na yaliyompata pale, akiifuta sahani moja hadi ikalia. Mkewe aliacha maji yanatiririka.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna."

Mkewe alicheka, kicheko kifupi kama chafya, halafu uso ukamkunjika. "Mimi nimezaa mbele yako," akasema. "Yule wa pili, nilijichafua kitanda kizima, na wewe ndiye uliyenifuta, manesi wakiwa hawapo. Sikuona aibu mbele yako. Wewe ulidhani mimi nimeumbwa bila tumbo?"

Tulia alifunga bomba la maji.

"Ungeniambia ni tumbo. Nimekaa hapa nauchukia uso wangu mwenyewe, kumbe wewe unalinda suruali."

Hiyo ndiyo ikawa aibu iliyobaki. Ile ya ngazini ilianza kufifia, kama doa lililofuliwa mara nyingi. Hii ya jikoni haikufifia. Alijificha asidharauliwe, na aliyedharauliwa ni mkewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hata kosa hakuwa nalo. Aliomba msamaha usiku ule na siku zilizofuata, mpaka mkewe akamwambia anyamaze, ameshasikia, muda ndio utakaofanya kazi iliyobaki.

Kwa msimamizi alikwenda mwenyewe. Alimkuta kwenye kontena la ofisi, akafunga mlango, akamweleza akiwa amesimama wima. Msimamizi alikuna kidevu muda mrefu.

"Mimi nilidhani umeanza pombe," akasema. "Kizunguzungu nisingekurudisha juu hata ungelia machozi. Tumbo tunaweza kulipangia. Siku za zege mtapokezana na huyu kijana, na ukitaka kushuka, unashuka kabla, siyo baada. Lakini nikikuuliza kitu kinachohusu watu wangu, usinidanganye tena."

Alirudi juu. Habari zilimfuata, kwa kuwa kontena lile kuta zake ni bati. Redioni walimtania kwa wiki kadhaa, wakimuuliza hali ya hewa tumboni ikoje, naye aliwajibu, masikio yakiwa moto, pale peke yake kibandani ambapo hakuna aliyeyaona. Kwa tabibu hakuacha kwenda. Kuna majuma tumbo lilikaa kama limesahau uadui wao, na kuna siku lilirudi na hasira zote. Tabibu alisema huenda ni sindano, huenda ni kwamba amepunguza mzigo wa kuficha, na yeye hakutaka kugombania sifa.

Siku moja mkewe akasema anataka kwenda naye. Tulia alitafuta sababu, hakuipata. Tabibu akamwekea mkewe kigoda karibu na kichwa cha kitanda, akamlaza Tulia, akazichoma sindano, viganja na nyayo na tumbo, kisha akavaa miwani.

"Haya, baba. Wiki hii choo kilikuwaje?"

Tulia akaitazama dari. "Kizuri tu," akanong'ona. "Laini kidogo. Si mara nyingi."

"Hapana, tabibu," mkewe akasema, kwa sauti ile ile iliyokuwa ya mama yake, inayozungumza na darasa zima. "Jumanne alikwenda tangu asubuhi hadi nikamgongea mlango. Na hakikuwa laini, kilikuwa maji. Tena alikula maharage, nilimkataza."

Nyuma ya pazia mgonjwa mwingine alikohoa. Tulia alitaka kujifunika uso, lakini mikono yake ilikuwa na sindano, ikabidi alale hivyo hivyo na uso wake wazi, huku mkewe akiendelea kueleza.